Risasi Sitini Nisizozipiga

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijanitoka kichwani. Ni asubuhi ambayo kisanduku cha mbao, kidogo kama cha kuwekea viatu, kiliwekwa juu ya meza ya karakana ya mjomba wangu pale Msambweni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Uhuru ulikuwa mpya, bendera kwenye ofisi za Matuga ilikuwa haijapauka hata kidogo, na sisi vijana tulitembea kwa kishindo, kila mmoja akitaka ajulikane kuwa amepita. Nitakusimulia yaliyotoka katika kisanduku kile, na nitasimulia polepole. Ukiniharakisha nitaruka sehemu za aibu, na hizo ndizo zenye faida kwako.

Mjomba wangu, Mzee Mwinyihamisi, alikuwa ndugu wa mama yangu, na kwetu sisi Wadigo mjomba si mgeni wa kuja kula pilau akaenda zake. Ndiye aliyenitahirisha, ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi wa vitu vidogo: cherehani, majiko ya mafuta ya taa, saa za ukutani, na bunduki za wale waliokuwa na kibali cha serikali. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea kitu kibovu alikigeuza mara mbili tatu mkononi, kisha akakuuliza kilikuwa kikifanya nini kilipoharibika. Watu walicheka swali hilo. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipoanza kuliuliza mwenyewe.

Kisanduku kilitoka katika hoteli moja ya Diani. Wakati huo hoteli za ufukweni zilikuwa chache, na zote zilikuwa na adui mmoja, naye ni kunguru. Walikuwa wakitua mezani wageni wakila, wakapokonya mkate mkononi mwa mtoto, na huku vijijini wakawamaliza vifaranga wetu. Meneja wa hoteli, Mzungu mmoja mrefu aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni, akanunua bunduki mbili za upepo. Bunduki ya upepo haina baruti. Unaukunja mtutu, springi nene iliyomo ndani inajikaza, na ukifyatua, springi inasukuma upepo, nao upepo unasukuma risasi ndogo kama punje ya mtama. Inaua kunguru. Mtu haimwui, lakini jicho, mwanangu, ni jicho.

Juu ya kila bunduki alitaka darubini, ili mpigaji aone vizuri na asikosee. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mitutu ya bunduki zile ilikuwa imeinama mbele kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukitambua kwa kutazama. Darubini ikifungwa moja kwa moja inaangalia juu, risasi inakwenda chini, na vifundo vya kurekebishia vilivyo kwenye darubini yenyewe havitoshi kuvipatanisha. Ilihitaji kukalishwa juu ya kitu kinachoweza kuinuliwa upande wa nyuma. Sisi karakanani tulikiita kitu hicho kiti, yaani kiti cha darubini. Meneja alikuwa ameagiza viti vya aina mbili, kimoja kimoja, na alimwomba mjomba avijaribu vyote na kumwandikia ni kipi kinafaa. Kile kitakachochaguliwa kingetumika hotelini na pia katika mashamba ya minazi na mikorosho ya jirani.

Kiti cha kwanza kilikuwa cheusi, kizito, kipande kimoja kirefu kisicho na urembo wowote. Nyuma kilikuwa na skurubu moja ya kukiinua na kukishusha, na juu ya skurubu hiyo nati ya kuifunga isicheze. Chini yake kilikuwa na pini fupi iliyoingia katika tundu la bunduki. Kulia na kushoto hakikuenda kabisa. Kiti cha pili kilikuwa pete mbili zilizong'aa kama fedha, kila pete na skurubu zake ndogo, na alama nyembamba zilizochorwa kama za saa. Kilikwenda juu na chini, kulia na kushoto. Pini hakikuwa nayo. Kilishika bunduki kwa taya zake tu. Sikufichi, nilikipenda pale pale. Nilikishika nikajiona mimi ni mtu wa zama mpya, na kile cheusi nikakiona kama kitu cha ukoloni.

Mjomba hakupenda wala hakuchukia. Alinieleza jambo moja ambalo sikulitia maanani. Alisema bunduki ya baruti inapiga teke kwenda nyuma tu, lakini hii ya springi inarudi nyuma kisha inaruka mbele, yote kwa kufumba na kufumbua, na kwa hiyo kilicho juu yake kinasukwasukwa huku na huku. Kitu kikisukwa hivyo hakilegei siku ya kwanza. Akachukua sindano, akakwaruza mstari mwembamba uliopita juu ya kiti na juu ya bunduki kwa pamoja, ili kiti kikisogea hata unywele mmoja, mstari ukatike. Alifanya hivyo kwa viti vyote viwili.

"Risasi mia kwa kila kiti," aliniambia. "Kila baada ya kumi utazame mstari na uandike. Usiandike kabla ya kutazama."

Siku ya pili yake zikaja habari za msiba kutoka Vanga. Mjomba akaondoka na mama yangu, nikabaki na karakana, nikajiona mkubwa.

Nilianza na kile cheusi. Nyuma ya karakana palikuwa na shimo la zamani la kuchimba mchanga, nikasimamisha karatasi mbele ya ukuta wa mchanga na kuhesabu hatua thelathini. Kukirekebisha kiti hicho kulinichosha. Ulegeze nati, uzungushe skurubu, ukaze nati, upige, ukague, urudie tena. Upande wa kulia na kushoto ilibidi nitumie vifundo vya darubini, na nilinung'unika. Ilinichukua asubuhi nzima mpaka risasi ikaenda ninapoangalia. Lakini kilipokaa, kilikaa. Nilipiga zote mia, kwa siku mbili, na matundu yake yote ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda. Mstari wa sindano haukukatika. Niliandika hayo yote, na yalikuwa kweli.

Kisha nikafunga kile kinachong'aa. Mwanangu, kile kiti kilikuwa raha. Zungusha hapa kidogo, zungusha pale kidogo, na kabla kahawa haijapoa darubini na mtutu vimepatana. Risasi kumi za kwanza zilishikana kuliko za kile cheusi. Kumi za pili vile vile. Nilipofika arobaini nilikuwa nimeshaamua moyoni. Mkono ulikuwa ukiniuma, maana kuukunja mtutu mara mia na arobaini si mchezo, na wenzangu walikuja kunichukua. Alasiri ile tulikuwa na mechi na vijana wa Gazi, nami ndiye niliyecheza winga ya kushoto. Nikaiegemeza bunduki ukutani, nikasema nitamalizia kesho.

Tulishinda. Kesho yake nilichelewa kuamka, na nilipofika karakanani nilimkuta dereva wa hoteli akinisubiri na barua ya meneja. Aliuliza kama majibu yako tayari. Ningeweza kumwambia arudi baada ya siku mbili. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa kijana, nimevaa bado furaha ya jana, na nilitaka nionekane mtu ambaye kazi yake haichelewi. Nikakaa nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, kwamba viti vyote viwili vimepigwa risasi mia kila kimoja, kwamba mistari ya sindano haikukatika, na kwamba kinachong'aa ndicho bora kwa wepesi na usahihi. Nikatia sahihi. Dereva akachukua barua na bunduki, na lile gari likapotea kwenye barabara ya vumbi kuelekea Diani.

Mjomba aliporudi kutoka Vanga aliniuliza kama nilipiga mia. Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba." Akaitikia kwa kichwa na kwenda kutawadha. Hakuniuliza tena. Aliniamini, na hilo ndilo lililonichoma baadaye kuliko kelele zozote ambazo angenipigia.

Zikapita wiki tatu.

Mpigaji wa hoteli alikuwa kijana wa Kiduruma aitwaye Tsuma, aliyetoka upande wa Kinango, kwa wafugaji. Alikuwa mtaratibu sana. Alijichagulia mahali pamoja tu pa kupigia, nyuma ya jiko, ambapo taka zilitupwa chini ya ukingo wa mchanga. Kunguru walitua pale, naye alilala juu kidogo na kupiga kwa kushuka, ili risasi ikikosa izame mchangani. Hakuwahi kupiga ndege aliye juu ya paa wala juu ya mti. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na hakufundishwa na mtu.

Siku hiyo ya Jumatatu alimlenga kunguru aliyekuwa amesimama katikati ya taka. Risasi haikwenda alipolenga. Ilikwenda kushoto, shibiri moja na nusu, ikagonga pipa la chuma la kutupia majivu, ikaruka. Mbali kule pembeni, mahali ambapo hakuna mwenye akili angedhani pana hatari, alikuwa amekaa Bi Mwanatumu, mjane wa kijiji cha Bodo, akisuka makuti ya kuezekea vibanda vya hoteli. Risasi ilimwingia shavuni, chini kidogo ya jicho la kulia.

Akapelekwa hospitali. Risasi ikatolewa, lakini jicho lilivimba likafunga, na daktari alisema tusubiri, hawezi kuahidi kitu. Na kabla jua halijafika utosini, maneno yalikuwa yameshafika Msambweni, yakawa hivi: yule Mduruma alikuwa amelewa. Kila mtu alijua Tsuma anakunywa tembo la mnazi siku zake za mapumziko. Hakuna aliyeuliza kama Jumatatu asubuhi alikuwa amekunywa. Ilikuwa rahisi kusema, mwanangu, na sisi tusiokunywa tulilisema kwa urahisi zaidi.

Kesho yake askari wa hoteli alituletea ile bunduki. Meneja alitaka fundi aikague na aandike kama ina kasoro au haina, kabla hajampeleka Tsuma polisi. Mjomba alikuwa ametoka. Niliipokea mimi, nikailaza mezani.

Nilitazama mstari wa sindano. Ulikuwa umekatika. Kiti kile kilichong'aa kilikuwa kimerudi nyuma karibu upana wa ukucha, na pete ya mbele ilikuwa imelegea na kugeukia upande. Niliigusa kwa kidole gumba ikacheza. Nikaelewa yote papo hapo, kama mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba inaungua. Na nikaelewa jambo jingine pia. Nikiisukuma ile pete mahali pake na kukaza skurubu mbili, mstari utaungana tena, bunduki itakuwa nzima, na lawama itabaki pale ilipo. Hakuna mtu duniani angejua.

Nakwambia kweli, bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Nilisimama nayo muda mrefu. Nilifikiri juu ya jina langu, na jina la mjomba, na mechi zijazo, na binti mmoja wa Gazi ambaye baba yake alikuwa ameanza kunisalimu vizuri. Tsuma sikumfikiria mwanzoni. Nilimfikiria nilipokumbuka kwamba wiki moja kabla, alipita karakanani kunishukuru. Alisema kiti nilichomchagulia ni kizuri, hajapata kupiga vizuri hivyo. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, kuja kusema hayo tu. Niliiweka bisibisi chini na kukaa kitako sakafuni.

Mjomba aliporudi alinikuta hapo. Nikamwambia. Sikupanga maneno, nilimwambia tu kwamba sikupiga mia, nilipiga arobaini, na nikaandika mia, na yeye aliponiuliza nilimdanganya. Aliinama juu ya bunduki akautazama mstari kwa muda. Aliiona bisibisi. Akanitazama mimi.

"Uliigusa?" aliniuliza.

"Nimeigusa kidole tu, nione kama inacheza. Sikuikaza."

Akavuta kigoda akakaa, na hapo ndipo aliponipa maneno niliyoyabeba mpaka leo. Hakupandisha sauti.

"Kukosea kuchagua si kosa la kukuhukumu," alisema. "Hata mimi ningeweza kukipenda hiki kiti. Kosa lako ni kumwambia mtu kwamba umeona kitu ambacho hukukiona. Yule kijana alilaza shavu lake kwenye bunduki kwa sababu ya jicho lako, naye hakujua kwamba jicho lako lilikuwa mpirani."

Nikamwomba anisamehe. Akasema yeye hakuumizwa, kwa hiyo msamaha wake hauna kazi kubwa. Akaniagiza nikachukue baiskeli.

Tulikwenda Diani, yeye mbele na mimi nyuma, na bunduki imefungwa ndani ya gunia vile vile ilivyokuwa. Tulimkuta meneja ofisini, na Tsuma amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, macho chini. Barua ya kumpeleka polisi ilikuwa imeshapigwa chapa. Mjomba alisalimu, akaniashiria kwa kidevu nizungumze.

Nilizungumza. Mwanangu, watu husema ukisema kweli mzigo unatua. Mimi haukunitua. Uliongezeka, kwa sababu Tsuma aliinua macho akanitazama, na sikuona hasira ndani yake, niliona mshangao tu. Alikuwa ameshakubali moyoni mwake kwamba pengine ni mkono wake uliotetereka. Tangu jana alikuwa akijishuku mwenyewe.

Meneja alichukua ile karatasi yangu kutoka kwenye faili akaiweka mbele yangu. Akaniuliza kama hii ni sahihi yangu. Nikakubali. Akauliza atajuaje kwamba sasa ndipo ninaposema kweli, na katika karatasi ile sivyo, maana ninaweza kuwa ninamwokoa rafiki. Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia Tsuma si rafiki yangu, na kwamba sitaki aniamini. Ninachoomba ni nafasi ya kupiga zile sitini zilizobaki, hapo hapo, mbele ya macho ya kila mtu.

Tukatoka nyuma ya jiko. Wapishi walitoka, watunza bustani wakatoka, na mkuu wa walinzi. Kiti tulikirudisha mahali pake, mjomba akakikaza kwa mkono wake mwenyewe na kukwaruza mstari mpya, akasema tusianzie arobaini, tuhesabu upya tangu moja mpaka mia. Aliyepiga hakuwa mimi. Nilimwomba meneja amruhusu Tsuma apige, na bunduki ilazwe juu ya mfuko wa mchanga ili mkono wa mtu usisingiziwe. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa sauti na kukagua mstari.

Arobaini za kwanza zilishikana vizuri, kama zilivyoshikana siku yangu. Niliona baadhi ya watu wanaanza kunong'ona. Hamsini, bado. Nilianza kuogopa kwamba hata kweli yangu itaonekana uongo. Ilipofika sitini na kitu mstari ukaanza kupinda, nikamwita meneja aje aone mwenyewe. Sabini, matundu yakaanza kuhama kwenda kushoto. Tulipokaribia tisini risasi moja ikakosa karatasi nzima. Tsuma hakufyatua tena. Aliiweka bunduki chini taratibu, akainuka, akajipangusa mchanga magotini, akaenda kukaa kivulini peke yake.

Kisha ikaletwa bunduki yenye kile cheusi, nayo ikapigwa mia moja kamili. Hakikusogea. Ile pini fupi niliyoidharau ndiyo iliyokizuia.

Meneja aliichana barua ya polisi. Alimwomba Tsuma radhi mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake kile cha vitabuni, na nilimheshimu kwa hilo tangu siku ile. Mimi aliniambia kwamba karakana ya mjomba itaendelea kupata kazi ya hoteli, lakini ripoti haitaandikwa na mimi mpaka mjomba aseme. Mjomba hakusema kwa miaka miwili.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nilikwenda hospitali kwa Bi Mwanatumu. Alikuwa amelala, kitambaa usoni, dada yake ameketi miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kujua ni nani. Nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Dada yake aliniambia nitoke. Yeye akamzuia.

"Mwache," alisema. Kisha akanigeuzia lile jicho lililokuwa wazi. "Nikipona nitakusamehe upesi. Nisipopona nitakusamehe polepole. Lakini makuti yangu nimeyaacha nusu, na wenye vibanda wanayangoja. Mkono unao?"

Nikamjibu ninao.

Basi, mwanangu, winga ya kushoto ya Msambweni ikakaa chini pamoja na kina mama wa Bodo kusuka makuti. Wiki ya kwanza nilisuka kama mtu anayepigana. Kina mama walinifumulia kazi yangu mara tatu kwa siku bila huruma. Wenzangu wa mpira walipita kwa makusudi kuniangalia, wakacheka hadi wakachoka wenyewe. Nilivumilia, na kufikia mwezi wa pili makuti yangu yalikuwa hayatofautiani na ya mwingine. Jicho la Bi Mwanatumu lilifunguka taratibu. Liliona vizuri, ingawa upepo ukivuma lilikuwa likitoa machozi, na liliendelea hivyo maisha yake yote. Siku aliporudi kukaa kwenye mkeka wake alikagua kuti langu la mwisho, akavuta jani moja lililolegea, akasema, "Hili litashika mvua." Mpaka alipofariki hakulitaja tena jambo lile, na kila Idi alinitumia sahani ya mkate wa kumimina.

Tsuma hakunisemesha kwa miezi mingi, na haki alikuwa nayo. Kisha asubuhi moja akaja karakanani na bunduki mpya ya shamba moja la mikorosho. Aliilaza mezani, akaniambia nimpimie. Nilipotoka nje na karatasi, alinifuata, akakaa juu ya debe pembeni yangu na kuhesabu pamoja nami, moja mpaka mia, bila kuruka. Tulifanya hivyo kwa kila bunduki tangu siku hiyo. Kati ya kuhesabu tukaanza kuzungumza, na kutokana na mazungumzo tukawa ndugu. Watoto wake wananiita baba. Alipofariki, nilikwenda Kinango kumzika, na mwanawe mkubwa alinipa chepeo niwe wa pili kutupa mchanga.

Haya nimekusimulia, mwanangu, kwa sababu na wewe siku yoyote utaulizwa na mtu kama umekagua. Pengine ni breki za gari, pengine ni dawa, pengine ni hesabu ya nondo ndani ya nguzo ya shule. Anayekuuliza hana muda wa kutazama mwenyewe, ndiyo maana anakuuliza wewe. Ukiwa umetazama nusu, mwambie nusu. Hakuna aibu yoyote katika kusema bado sijamaliza, na mimi nimeishi miaka mingi kiasi cha kukuhakikishia kwamba watu wenye akili humthamini anayesema hivyo. Kitu kizuri kinachokuvutia machoni kipe jaribio refu zaidi kuliko kile usichokipenda, kwa kuwa moyo wako umeshakuwa upande wake. Na ukiteleza, maana utateleza, usiguse ushahidi. Uache ulivyo, uwaite walioumia, useme mbele yao. Atakayelaumiwa kwa kosa lako mara nyingi ni yule ambaye watu wako tayari kumlaumu hata kabla hajafanya kitu. Huyo ndiye umtangulie kumtetea, hata kama dini yenu si moja na kikombe chenu si kimoja.

Usiogope kwamba utavunjika. Mimi nilisema kweli nikapoteza jina la wiki chache, nikapata jina la maisha. Waulize watu kutoka Msambweni mpaka Ukunda fundi gani waliyemwamini kwa kazi isiyotaka kukosea, watakutajia.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe jicho linalotazama mpaka mwisho na ulimi usiotangulia jicho hilo. Akujaalie wazee wa kukukemea ungali kijana na watu wa kukusamehe ukikosa. Na kila atakayekitegemea kitu ulichosema ni salama, akikute salama. Amina.